Upenyo wa Kidole Kimoja

Kukamatwa kwa kuegesha gari mahali palipokatazwa hakuna ajabu yoyote, watu wanakamatwa kila siku na mji hausimami. Lakini kukamatwa chini ya katazo ulilolichora kwa mkono wako asubuhi ileile, rangi bado mbichi, hiyo ni bahati ya mtu mmoja tu katika mji mzima. Mtu huyo aliitwa Fundi Duara.

Jina alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mchoraji wa alama za barabarani wa halmashauri, na alama nyingi za kukataza zinaanza na duara jekundu. Wachoraji wengine hufunga uzi kwenye msumari wakauzungusha, au hugandamiza sinia ukutani wakafuata ukingo wake. Fundi Duara aliwadharau wote. Uzi, alisema, ni wa kuanikia nguo, na sinia ni la kulia wali. Yeye alichora kwa mkono mtupu, na duara likatoka limetulia kama limezaliwa pale ukutani.

Ila alikuwa na mwiko mmoja. Alianzia juu, akazunguka taratibu, na ikibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja ili duara lifunge, aliacha. Aliweka brashi chini akaenda kunywa chai. Mvua itishie, bosi wa halmashauri asimame hapo akiangalia saa, yeye alikwenda kunywa chai. Aliamini kwamba mkono uliotoka kuzunguka una kizunguzungu, na mkono wenye kizunguzungu haufungi duara. Kikombe kimoja, bila kuzungumzia kazi. Akirudi anaufunga ule upenyo kwa mpigo mmoja, na baada ya hapo hata umulike kwa tochi hutaona mahali miisho miwili ilipokutana.

Siku ya mkasa alikuwa akichora kwenye ukuta wa zahanati, pembeni ya geti la gari la wagonjwa, alama ya kukataza kuegesha. Gari lake, pikapu kuukuu yenye ngazi na madebe sita ya rangi, aliliegesha palepale chini ya ukuta. Angeliweka wapi kwingine? Alichora gari dogo jeusi katikati, akapitisha mstari wa mshazari, akazungusha duara, akaacha upenyo wake, akavuka barabara kwenda kwa mama wa chai.

Aliporudi alimkuta askari wa usalama barabarani, kijana nadhifu mwenye viatu vya kung'aa, anaandika.

"Mzee, hii alama huioni?"

"Ninaiona. Nimeichora mimi."

"Basi huwezi kusema hukujua."

Hapo mtu mwingine angewaka. Fundi Duara naye alifungua mdomo ili awake, akainua macho aonyeshe ukutani. Duara lilikuwa limefungwa. Tena limefungwa vibaya, limevimba pale juu kama jipu, na tone moja la rangi limeteremka hadi kwenye paa la lile gari dogo jeusi. Alisimama akiliangalia. Askari aliandika, akachana karatasi, akamshikisha, akalichukua kopo la rangi nyekundu pamoja na brashi kuwa vielelezo, akaenda zake. Fundi Duara bado alikuwa akilitazama lile jipu.

Maana alikumbuka vizuri kwamba aliacha upenyo. Na sasa upenyo haupo. Kwa hiyo aliufunga mwenyewe akasahau, na alivyoufunga ndivyo vile. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Baba yake mzazi, seremala, alianza kutetemeka mikono akiwa na umri huohuo, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa akipiga vidole vyake badala ya misumari.

Alikaa na siri hiyo siku tatu. Siku ya nne alimwambia mkewe, kwa sababu mkewe alishaikuta ile karatasi mfukoni akiwa anafua.

Mkewe alikuwa msusi. Sheria hakuisomea, ila kwa miaka tisa alikuwa akimsuka wakili mmoja mwanamke, na kichwa kile kilikuwa cha saa nne kila kikija. Saa nne ni muda mrefu, mtu anaweza kujifunza mengi akiwa amesimama nyuma ya kichwa cha wakili.

"Utaipinga," alisema.

"Nipinge nini? Gari lilikuwa pale."

"Gari lilikuwa pale, alama haikuwepo. Alama isiyokamilika si alama, ni rangi tu ukutani. Uliacha upenyo, hukuacha?"

"Niliacha. Halafu haukuwepo."

Mkewe alimtazama. "Yaani uliufunga?"

"Sijui, mama watoto. Nadhani niliufunga."

Hakupenda alivyotazamwa baada ya jibu hilo. Na la kupinga lilikuwa la lazima, si la kujifurahisha. Mkataba wake na halmashauri ulikuwa ukiisha mwisho wa mwezi, na barua ilisema wazi: mchoraji mwenye kosa lolote la barabarani haongezewi. Nafasi yake ilikuwa na mwenyewe tayari. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alishanunua mashine ya kuchapa stika, inayotoa maduara mia kwa saa bila hata kupumua. Wiki ile shemeji alipita na futi ya kupimia kwenye kibanda cha halmashauri alichofanyia kazi Fundi Duara, akapima mlango.

"Umri wako ni wa kupumzika sasa, shemeji," alisema kwa huruma iliyomkera Fundi Duara kuliko matusi. "Mashine haitetemeki."

Alijuaje habari ya kutetemeka? Hakujua. Alisema tu, kama watu wasemavyo, lakini Fundi Duara hakulala vizuri tena hadi siku ya kesi.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, chenye feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita, mabenchi yaliyopigwa vanishi zamani, na kalenda ya mwaka jana ambayo hakuna aliyejipa kazi ya kuitoa. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni. Wakati wa kusikiliza aliivua, wakati wa kuandika akaivaa, kwa hiyo kila mtu alijua ni lini neno lake limeingia kwenye kumbukumbu.

Karani wa mahakama alisoma shtaka kwa mkupuo mmoja kama anayekimbizwa. Hakimu akauliza, "Mshtakiwa, ni kweli au si kweli?"

"Sijui, Mheshimiwa."

Hakimu alivua miwani. Karani aliinua kalamu juu, akiwa hana pa kuishusha.

"Si kweli!" sauti ilitoka benchi la nyuma.

"Huyo ni wakili wako?"

"Ni mke wangu, Mheshimiwa."

"Mke haruhusiwi kukujibia."

"Hata nyumbani nimewahi kumweleza hivyo, Mheshimiwa."

Watu walicheka, feni nayo ikagoma kidogo, ikaendelea. Hakimu hakucheka, au alichekea kwenye leso, haikujulikana. Aliamuru iandikwe kwamba mshtakiwa anakana.

Askari akapanda kizimbani, akala kiapo kwa sauti ya gwaride. Mwendesha mashtaka, bwana mnene aliyeonekana ana kesi nyingine kumi na mbili baada ya hiyo, alimwongoza haraka haraka. Alikuwa doria? Alikuwa. Alikuta gari? Alilikuta, halina dereva. Alama ilikuwepo? Ilikuwepo.

"Tena alama nzuri, Mheshimiwa," askari aliongeza bila kuulizwa. "Mimi nimeona alama nyingi. Ile gari ya katikati hadi unatamani kuiegesha."

Hapo Fundi Duara alitabasamu. Lilikuwa kosa kubwa la kisheria, mkewe alimkodolea macho toka nyuma, lakini mtu akisifiwa kazi yake atafanya nini? Tabasamu lilimkatika pale karani alipotembeza picha ya alama ile, aliyoipiga askari siku hiyo. Ilikuwa imechapwa kubwa, ya rangi. Jipu lilikuwa pale juu, linang'aa. Fundi Duara aliangalia viatu vyake.

"Una swali kwa shahidi?" hakimu aliuliza.

Hakuwa nalo. Alishaamua moyoni: aseme ni kweli, yaishe, akamkabidhi shemeji ufunguo wa kibanda. Kulikuwa na aibu mbili mbele yake, ya kukosa mkataba na ya kusimama mbele za watu aeleze kwamba mkono wake umekwisha, na ile ya pili alikuwa tayari kuikimbia kwa gharama yoyote. Lakini nyuma yake mkewe alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha miaka thelathini na nne ya ndoa, anakijua. Akachomoa mfukoni kikaratasi alichoandikiwa na mkewe, akasoma alichokikuta.

"Shahidi. Ulijuaje kwamba alama ilikuwa imekamilika?"

Askari alijinyoosha. Ni wazi kwamba swali hili alilisubiri tangu asubuhi, na hakuna aliyetaka kumuuliza.

"Swali zuri sana. Chuoni tulifundishwa kwamba alama isiyo kamili haina nguvu. Askari mzembe angeandika tu. Mimi nilikagua. Nikaona pale juu pana upenyo, kama upana wa kidole hivi. Nikajiambia, hapa kesi itaanguka. Brashi ilikuwa palepale juu ya kopo. Nikauziba, ndipo nikaandika."

Karani aliacha kuandika katikati ya neno. Kisha benchi la nyuma likalipuka, mtu mmoja akacheka hadi akashuka chini ya benchi, na mwendesha mashtaka akafunika uso kwa faili.

Fundi Duara hakucheka. Alishika ukingo wa meza. Wiki tatu! Wiki tatu alikuwa akijizika mwenyewe, na kaburi limechimbwa na huyu mwenye viatu vya kung'aa?

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshasimama. Aliomba dakika moja, akamnong'oneza shahidi wake, na dakika ilipokwisha shahidi alikuwa mtu mwingine.

"Mheshimiwa, naomba nirekebishe. Nimechanganya na tukio jingine. Brashi sikuigusa. Duara nililikuta limefungwa."

"Limefungwa na nani?"

"Na mwenye duara."

Mheshimiwa Hakimu alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Nina maneno mawili kutoka mdomo mmoja," alisema polepole. "Nitafuata lipi?" Akaitazama picha kwa muda, halafu akamtazama Fundi Duara. "Mshtakiwa, hiki kilichovimba hapa ni mkono wako?"

Hilo ndilo swali alilojiuliza wiki zote tatu. Angesema si wangu, na moyo ule ule uliokuwa umeanza kuinuka ungemuuliza: una hakika? Askari kasema hivi, kasema vile. Baba yake naye alikataa mwanzoni, akisema ni nyundo mbovu.

"Mheshimiwa, sitaki kuapa kwa jambo nisilolijua," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Nilikuwa nikiweza. Kama bado naweza, sijui. Tangu siku ile sijagusa brashi."

Mkewe alikuwa hajui hilo. Alikuwa akimuona anatoka kila asubuhi na ngazi.

Hakimu alifikiri. Kisha akanyoosha kidole ukutani. "Karani, shusha hiyo kalenda ya mwaka jana. Igeuze. Mpe mshtakiwa kielelezo namba moja na kielelezo namba mbili."

Mwendesha mashtaka alipinga kwamba kielelezo hakiwezi kutumika kuchorea. Hakimu akamuuliza kama kuna sheria inayokataza, naye akasema ataitafuta, akaketi kuitafuta, na sidhani kama ameipata hadi leo.

Basi kalenda ikabandikwa kwa gundi ya karatasi nyuma ya mlango wa mahakama, upande mweupe ukitazama watu. Kopo likafunguliwa kwa funguo za karani. Juu ya rangi palikuwa na utando, Fundi Duara akautoa kwa ncha ya kalamu ya serikali, akakoroga, akachovya brashi. Waliokuwa wakingoja kesi zao koridoni walichungulia dirishani. Mtu aliyekuja kwa kesi ya mbuzi aliacha kugombana na mwenye mbuzi.

Aliinua mkono. Ulitetemeka.

Alishusha. Akafuta kiganja kwenye suruali. Nyuma yake hakuna aliyekohoa safari hii, hata mkewe, na hilo lilimtisha zaidi. Akainua tena, akaweka brashi juu kabisa, na akaanza kuzunguka.

Nusu ya kwanza alikwenda akiogopa. Alipofika chini ya duara alikuwa amesahau kuogopa, kwa sababu brashi ile ilikuwa na kawaida ya kuvuta kushoto, na mtu anayebishana na brashi yake hana nafasi ya mambo mengine. Akapanda upande wa pili. Akakaribia juu. Pakabaki upana wa kidole kimoja, akaondoa brashi, akailaza juu ya kopo, akajifuta mikono.

"Endelea," hakimu alisema.

"Nimefika pa kuishia, Mheshimiwa. Sasa ni chai."

"Nini?"

"Sifungi kabla ya chai."

"Mshtakiwa, hii ni mahakama. Funga hilo duara."

"Mheshimiwa, nifunge jela, lakini duara sifungi."

Kuna mahakimu ambao wangemfunga kweli. Huyu alilitazama lile duara lililobakiza kidole, akatazama saa, na kwa kuwa naye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, akatamka kwamba shauri linaahirishwa kwa muda wa kikombe kimoja.

Walikunywa koridoni, kwa mama wa chai wa mahakama: hakimu, karani, mshtakiwa, mwendesha mashtaka na watu wa mbuzi. Askari alisimama peke yake karibu na ngazi, kikombe mkononi, akilitazama kopo kwa mbali kupitia mlango uliokuwa wazi. Mwendesha mashtaka alitaka kuzungumzia kesi, Fundi Duara akamzuia kwa kidole: bila kuzungumzia kazi. Wakazungumzia bei ya vitunguu.

Waliporudi, hata feni ilizimwa isije ikapeperusha karatasi. Fundi Duara alisimama mbele ya mlango, akavuta pumzi, akapitisha mpigo mmoja mfupi. Akarudi nyuma.

Hakimu alishuka kitini. Alivaa miwani, akaingiza pua kwenye karatasi, akalizunguka duara lote kwa macho. Karani alijaribu. Mwendesha mashtaka alijaribu kwa upande, kwa chini, kwa kufumba jicho moja. Mwishowe hakimu akamwita askari.

"Nionyeshe lilipofungwa."

Askari alilitazama muda mrefu. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika, hakuwa tena na sauti ya gwaride. "Silioni, Mheshimiwa. Ni mimi niliyeziba lile la zahanati. Nilidhani ni rahisi."

Hukumu ilikuwa fupi. Alama haikuwa imekamilika mshtakiwa alipoondoka, aliyeikamilisha si mchoraji wa halmashauri, kwa hiyo kosa hakuna. Askari alipewa onyo la kutogusa brashi popote nchini, pamoja na barua ya kujieleza kwa mkuu wake, kuhusu kiapo hasa. Mwendesha mashtaka aliita kesi inayofuata kabla hajaulizwa kama ana la kusema.

Pale nje kwenye ngazi askari alimfuata, kofia mkononi. "Mzee, samahani sana. Lakini nikuulize tu. Nilikosea wapi?"

Fundi Duara alitaka kumtukana, na alikuwa na haki zote. "Uligandamiza," alisema. "Brashi haigandamizwi. Na kabla ya kumaliza kazi ya mtu, kwanza muulize."

Askari aliitikia kwa kichwa, akaondoka akisogeza vidole hewani.

Mkewe alikuwa amesimama kando na mkoba wake. Fundi Duara alifikiria atasimangwa kwa kutabasamu kule ndani, au kwa zile asubuhi za kutoka na ngazi bila kwenda kuchora. Badala yake mkewe aliuchukua mkono wake wa kulia, akaufungua, akaugeuza huku na huku kama anayechagua nyanya.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Sikujua chochote, baba watoto. Nilikuwa naogopa. Wiki tatu hizi, kila asubuhi ukimimina chai nakuangalia mkono. Nangoja uimwage."

"Nilikuona unaangalia," alisema Fundi Duara. "Ndiyo maana nilikuwa namimina nusu kikombe."

Mkewe alicheka, na cheko hilo likamgeukia likawa kilio hapohapo ngazini, mbele ya watu wa mbuzi na kila mtu. Naye Fundi Duara akamshika bega kwa mkono ule wenye rangi, akaiharibu blauzi yake nzuri ya mahakamani, na kwa mara ya kwanza tangu waoane mkewe hakusema kitu.